Mwiko wa Nguo za Mtoto

Kakamega

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti lako limepoa, na kwamba umeacha kupanda ngazi kumfukuza paka wa jirani. Sisi huku tu wazima wa kutembea na kula.

Utashangaa kuona barua hii imekuja kwa herufi za shule, si zile za Kiarabu ulizonifundisha mwenyewe pale barazani. Sababu nitaieleza. Itabidi Zuhura akusomee kama anavyokusomea za ofisini. Zuhura mdogo wangu, kaa karibu na Mama, soma kwa sauti, wala usiruke neno hata akikwambia uruke.

Habari za Kakamega ni mvua. Kila alasiri inakuja, na nguo zisizoanuliwa mapema zinalala mbichi. Mume wangu Rajabu hajambo. Tangu uhuru amepewa meza ya mzungu aliyeondoka, pamoja na kiti kinachozunguka, na sasa akirudi nyumbani anaviona viti vyetu kama vimekufa. Mavyaa, mamake Rajabu, bado yuko nasi kutoka Mumias. Ananipikia obusuma, sima yao, ngumu hasa, na kunisimamia mpaka niimalize.

Hizo ndizo habari nzuri. Zimekwisha.

Mama, nina hasira nawe. Nimejaribu kuitafutia maneno ya adabu, sikuyapata.

Unakumbuka nilipokuwa na mimba kubwa nikashikwa na homa. Huku homa ya mbu haimkosi mtu. Nikapewa vidonge, nikavimeza, na mkojo wangu ukawa kama chai ya rangi. Macho yakageuka manjano. Nilikuwa siwezi kufika uani bila kushika ukuta, na mtoto tumboni akawa hachezi kama zamani. Niliogopa nikakuandikia. Nilikuuliza wazi kama katika nyumba yetu kuna mwanamke aliyewahi kupatwa na jambo hili akiwa mjamzito. Ukanijibu kwa mwandiko wako mzuri kwamba ni joto la mimba, nile tende, nisome Yasini. Mama, tende nilikula na Yasini nilisoma.

Kisha kikaja kifurushi cha nguo za mtoto ulizoshona mwenyewe, umezipanga na karafuu na asumini iliyokauka. Nilizinusa nikalia kwa kukukumbuka. Ndani mlikuwa na kijikaratasi chako: nguo hizi zisiwekwe dawa ya nondo, ni mwiko wa nyumba yetu. Basi, hakuna zaidi. Nilicheka. Marehemu Baba ndiye aliyetufundisha kucheka miiko, na wewe ulikuwa ukicheka nasi mtu akikatazwa kufagia usiku. Nikasema Mama anazeeka.

Mavyaa alipoona nguo zile alisikitika. "Salma, hii nguo nzuri itariwa na wadudu bure," akasema. "Huku kwetu mvua inanyeshanga, nguo inaozanga kwa sanduku. Hayo maua yako haiwezi kitu." Siku ya pili akaenda dukani kwa Mhindi, akarudi na vile vidonge vyeupe vya nondo, vyenye harufu kali. Nilimwambia kwetu ni mwiko.

"Kwani inaletanga nini?" akaniuliza.

Nilikichukua kile kijikaratasi chako nikakigeuza upande wa pili, nao ulikuwa mtupu. Nikamwachia avitie sandukuni.

Omari alizaliwa mzuri, Mama, na sauti ya kuita mtaa mzima. Tulimvisha zile nguo moja kwa moja kutoka sandukuni. Haukupita muda akaanza kugeuka rangi, kwanza macho, kisha uso, kisha mwili wote ukawa kama umepakwa bizari. Akaacha kunyonya. Hospitalini walimtia damu ya mtu mwingine. Daktari alipolinusa blanketi lake alikunja uso, akaamrisha avuliwe kila kitu.

Akatueleza taratibu. Damu ya mtoto imekosa kitu kidogo cha kuilinda, na ikikutana na dawa ile ya nondo, au na vidonge fulani vya homa, inapasuka. Si ugonjwa wa kuambukizwa. Mtu huzaliwa nao, na mvulana huupata kwa mamake. Akaniuliza kama kwetu kuna wavulana waliogeuka manjano. Nikawakumbuka wale kaka zangu wawili walionitangulia, ambao nawajua kwa majina tu, na ambao ulituambia walichukuliwa na babewatoto, yule pepo wa degedege.

Rajabu alikuwa amesimama pale. Akaniuliza, "Mama yako alijua?"

Nikaapa kwamba hukujua. Niliapa kwa Mwenyezi Mungu, mbele ya daktari, mkono wangu ukiwa juu ya kichwa cha mtoto.

Halafu Mjomba Athmani, ndugu yako, akapita huku alipokuja kununua mahindi Chekalini. Alimbeba Omari, nikamsimulia, naye akalia kama mtoto mdogo. Kumbe naye ana damu hiyo hiyo. Kumbe wewe ndiye uliyemsindikiza kwa daktari alipougua, kabla ya posa yangu, na mkaelezwa wote wawili: kwamba kaka zangu walikufa kwa hili, kwamba dawa ya nondo isikaribie nguo za mtoto, na kwamba binti yako akishika mimba amwambie daktari mapema, kabla hajameza kidonge chochote. Mlipotoka nje ukamwapisha Mjomba asiseme. "Likijulikana hili, nani atawaoa binti zangu?" Hayo ni maneno yako.

Ulijua nilipokuuliza, ukanipa tende. Ulijua uliposhona zile nguo. Mwiko ukanipa, sababu ukabaki nayo. Mwiko niliucheka, Mama. Sababu nisingeicheka.

Mwezi uliopita kifuniko cha sufuria kilimponyoka Mavyaa kikaanguka sakafuni. Mimi niliruka, kuku aliyekuwa mlangoni akakimbia. Omari aliendelea kunyonya kidole chake. Daktari amempima akasema ile manjano ilipanda mpaka kichwani, na masikio hayatarudi. Mavyaa analia kila akimtazama. "Ni mimi nilinunua," anasema, "ni mimi." Namwambia si yeye. Yeye aliuliza, na mimi sikuwa nimepewa jibu la kumpa.

Na sasa barua yako ya mwisho, uliyonijibu nilipokuarifu kwamba Omari hasikii. Umeniandikia kwamba posa ya Zuhura imekubaliwa, na kwamba habari za masikio ya Omari zibaki huku huku mpaka nikahi ipite. Niliisoma nikacheka kicheko kilichomtoa Rajabu chumbani kuja kutazama ni nini.

Nilianza kukujibu kwa herufi zako, ili ufunge mlango usome peke yako. Nilipomaliza salamu nikaacha. Barua ya namna hiyo ingelala chini ya godoro lako, na Zuhura angeolewa akiwa na kijikaratasi kama changu. Herufi hizi wewe huzijui. Yeye anazijua.

Nisalimie Mjomba Athmani, mwambie sina kinyongo naye. Nisalimie Shangazi Mwanaisha aliyenifunda, na Bi Fatuma jirani yetu mwenye paka. Msalimie na shemeji mtarajiwa. Simjui, lakini naye ana haki ya kujua.

Zuhura, usilie bado. Daktari amesema mwanamke mwenye damu yetu hubeba mimba na kuzaa salama akijilinda mapema, na mtoto huweza kukua akisikia jina lake. Umesoma vizuri. Sasa iweke karatasi chini umtazame Mama, umuulize yote ambayo mimi sikujibiwa.

Mwanao, ambaye bado anakupenda, na hilo ndilo linalomuuma,

Salma, mamake Omari