Gazeti Lililogeuziwa Ukuta

Jumatatu, 4 Agosti
Nimemaliza kusoma ukuta wa mlangoni. Magazeti ya zamani matupu, yamebandikwa kwa uji wa muhogo ili udongo usituangukie. Mazishi ya waziri, bei ya pamba, mpira. Ninasoma Kifaransa hicho huku nikingoja matokeo ya egzetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Juu ya kitanda cha Koko, bibi yangu, kuna kipande cha tangazo la sabuni. Kimekatwa katikati ya maneno. Aliyekata alitaka upande wa pili.

Jumanne, 5 Agosti
Nimemuuliza Koko. "We, ule muhogo hautajimenya." Basi.
Mama anasema walipokimbia vita, Koko alibeba karatasi hiyo, akaacha sufuria. Nani anaacha sufuria kwa ajili ya sabuni? Ninamshuku.

Alhamisi, 7 Agosti
Mzee Etabo, mdogo wa marehemu babu, amekuja kula sombe, majani yetu ya muhogo, kama kawaida yake. Ndiye msomi wa ukoo. Boti ya babu anayo yeye, na shamba la Mboko pia. Alitaka kumrithi na Koko, awe mke wake; Koko alikataa. Nimemuuliza kuhusu karatasi. Mkono wake umesimama juu ya sahani.
"Masomo imekupanda kichwa, mutoto?"
Nimeona haya, nimetoka. Lakini aliogopa. Nimemwona.

Ijumaa, 8 Agosti
Koko akiwa sokoni, nimelowesha karatasi, nimeibandua. Upande wa pili kuna picha: wanaume sita wamesimama mchangani. Chini, majina, la babu ni la pili. Boti ya abiria waliyopanda ilizama karibu na rasi ya Ubwari, wavuvi wakawaokoa hao sita, wakapelekwa Kigoma.
Waliokolewa! Sisi tunajua babu alikufa maji.
Koko amenikuta nayo mkononi. Hakugomba. Amesema kwetu picha ya aliyekufa hugeuziwa ukuta mpaka msiba uondolewe. Mwili wa babu haukuonekana, msiba haukuondolewa. Koko hajui kusoma. Etabo ndiye aliyemsomea.
"Alisema hao ni bale balikufa. Balipigwa picha mbele ya safari kuanza."
Nimemsomea ukweli. Amekaa chini.
"Soma tena. Polepole."

Jumamosi, 9 Agosti
Kwa nini babu hakurudi? Sasa ninamshuku na yeye.

Jumapili, 10 Agosti
Mzee Etabo amekuja baada ya misa. Koko hakumpa kiti wala sahani. Mzee hakuuliza sababu. Ameondoka.
Jioni Koko amepika uji mzito wa muhogo, akaniita nishike karatasi. Tumeibandika palepale, picha ikitazama chumba.