Namba Niliyoiandika kwa Mkono

Mama Tausi wangu,

Natumaini kikohozi kimekuacha. Huku Sumbawanga upepo ni wa baridi, nalala na sweta.

Ghala la mahindi bado halina paa, na kosa ni langu. Kule ofisini Dar nilikuwa na haraka, nikafuta kipimo cha boriti kilichowekwa na kompyuta kwenye mchoro, nikaandika namba yangu kwa mkono. Baadaye tulisogeza nguzo kwenye mchoro. Michoro yote ikajirekebisha yenyewe, isipokuwa namba ile. Boriti za chuma zimefika huku zikiwa fupi kwa shibiri nzima.

Fundi mkuu, mzee wa Kifipa, alivuta futi mara mbili kabla hajasema. “Mwanangu, nguzo zilipohama, karatasi yako ilikuwa imelala.”

Mafundi wamerudi makwao kuvuna ulezi mpaka boriti nyingine zije. Nimebaki na nguzo tupu, na ugali anaoniletea mke wa mzee. Naula peke yangu.

Ile alama ya urefu wa Tausi mlangoni niliichora kabla sijaondoka. Mpime tena, uniandikie. Kila nikimuwaza, namkumbatia kwa kimo cha zamani.

Mungu awafunike.

Baba Tausi