Moto Niliouingiza Ndani

Johannesburg,
Jumapili mchana, mwezi wa saba

Dada Naetwe, shikamoo.

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi, mzima wa mwili ingawa moyo hautulii. Mama anaendeleaje na miguu yake? Ukungu umeshateremka hapo Gonja mkashindwa kukausha nguo? Shemeji bado anashuka Maore kulima? Barua yako ilifika, na picha ya watoto nimeibandika ukutani. Nimesoma kwamba karakana ya shamba la mkonge imeuzwa na mashine zake zote. Miaka minane niliyofanya kazi pale, nilidhani nitazeekea pale.

Najua Mama hukuomba umsomee barua zangu. Msomee mpaka hapa. Kinachofuata soma peke yako, halafu mwambie tu kwamba nafanya kazi na ninakula.

Sisi Wapare wa milimani tunajidai tunaijua baridi. Huko Juni unavaa sweta, unakaa jikoni makande yakichemka, basi. Huku asubuhi majani ni meupe kwa umande ulioganda, na chuma ukikigusa mkono mtupu kinang'ang'ania ngozi. Karakana yetu ni mabati juu na mabati pembeni. Tunachomelea mageti na vyuma vya madirisha. Navaa suruali mbili, gazeti kifuani chini ya ovaroli, soksi ndani ya glovu, na bado mpaka saa nne vidole si vyangu.

Nafanya kazi na Anjelo, Mmakonde wa upande wa Msumbiji, mtu pekee ninayeongea naye Kiswahili. Nilipofika sina ninayemjua, ndiye aliyenipa nusu ya chumba chake. Tulikuwa na pipa tulilolitoboa matundu. Tunawasha makaa ya mawe nje na kuota moto kwa zamu. Tajiri alikataza kabisa pipa lisiingie ndani, kwa sababu ya makopo ya rangi.

Wiki tatu zilizopita ulivuma upepo ambao moto wa nje haukusaidia kitu. Anjelo alikuwa anasugua geti, meno yanagongana, anakohoa. Tajiri hakuwepo. Nikaliburuta pipa mpaka ndani, nikafunga mlango mkubwa, na penye upenyo nikaziba kwa magunia. Anjelo akacheka.

"Leo Mpare umeniletea joto la kwetu."

Baadaye akasema, "Kichwa kinanigonga."

"Mafua hayo," nikamjibu. "Sogea karibu na moto."

Ndivyo nilivyomwambia, Dada. Asogee karibu. Kisha nikachukua futi nikaenda kupima dirisha la mteja mtaa wa pili, na mlango nikaurudishia vizuri.

Njiani nikagundua kichwa changu nacho kinauma na miguu ni mizito. Nilivyozidi kuvuta hewa ya nje, maumivu yakapungua. Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe, ulivyotusimulia habari za yule baba na mkewe walioletwa hospitali kwenu asubuhi wamezimia, waliolala na jiko la mkaa wakafunga dirisha. Sijui nilivyorudi. Nakumbuka nakimbia tu.

Alikuwa amelala ubavu, ametapika, haitiki. Nilimshika kwapani nikamburuta mpaka uani. Nikampiga makofi, nikamwita kwa Kiswahili, nikamwita hata kwa Kipare. Alipofumbua macho aliniuliza kwa nini nalia.

Tajiri akatukuta hapo hapo uani. Aliingia ndani, akaliona pipa, akatoka amevimba kwa hasira. "Nani ameliingiza?"

Niliinama nikajifanya naokota glovu. Anjelo, aliyekaa chini ameshika kichwa, akasema, "Mimi."

Akafukuzwa palepale.

Tukiwa chumbani nilimuuliza kwa nini amefanya vile. Akaniambia, "Mimi leo siwezi kazi, kesho siwezi. Wewe unaweza. Mmoja akibaki, wote tutakula." Akajifunika blanketi.

Siku nne nilikwenda kazini nikanyamaza. Siku ya tano nikamfuata tajiri ofisini kwake, nikamwambia moto niliuingiza mimi, na mwenzangu amenifichia. Alinitazama mpaka nikaanza kuhesabu misumari ukutani. Mwisho akasema, "Kesho njooni wote. Nikiona moshi tena, mtaondoka wote." Kazi ni nyingi, wezi ni wengi, kila mtu anataka vyuma dirishani. Nadhani ni hilo lililotuokoa, si huruma.

Kwa hiyo Anjelo amerudi. Ila mikono yake inatetemeka. Kikombe akikiinua, chai inamwagika. Nikimtajia kipimo anasahau kabla sijamaliza sentensi. Hawezi tena kuchomelea mstari ulionyooka, yeye aliyenifundisha. Basi nachomelea yangu na yake, na tajiri akiingia anamkuta Anjelo ameshika msasa. Nikikaa naona nachelewa, nikisimama nataka kwenda na sijui wapi. Kila mara nageuka kumwangalia. Juzi aliniambia, "Acha kunitazama kama maiti." Nikacheka, kisha nikatoka nje.

Zahanati walimpa vidonge vya kichwa wakamwambia apumzike. Akipumzika, tajiri atajua.

Msalimie shemeji, umwambie asiuze ile vaisi yangu ya kubania vyuma. Watoto wako wote wasalimie. Mjomba anayetufundisha kwaya mwambie bado naimba, peke yangu, wakati mashine inanguruma. Mama mbusu mikono.

Na sasa ninachokuomba, kwa kuwa wewe ni muuguzi na umewaona watu wa namna hii: yule baba na mkewe, baadaye ilikuwaje? Mikono yao ilitulia? Ilichukua muda gani? Muulize na daktari hapo. Niandikie ukweli, Dada, hata kama ni mbaya, maana Anjelo ananiuliza kila siku, na kila siku namjibu kwamba itatulia.

Mdogo wako,
Mbonea