Mukate wa Habineza

Samarkand, 9 Januari

Mama mupenzi,

Jambo sana. Goti lako linaendeleaje? Mimi niko muzima, baridi tu ndiyo inanitesa.

Unauliza memwari yangu ya kumaliza masomo inahusu nini. Ni uaminifu, Mama: Waingereza wanausema namna gani, Wauzbeki namna gani. Kwa Kiingereza naukuta mara nyingi pamoja na upande fulani: inchi, chama, mukubwa wa kazi. Hata duka linakupa kadi ya uaminifu! Wauzbeki wana neno vafo, na mara nyingi nalikuta kwa mutu anayengojea mwenzake. Tena wanasema haki ya chumvi: ukikula chumvi ya mutu, huwezi kumugeuka.

Kijana wa Mama Zulfiya, mwenye nyumba yangu, alipoenda kutafuta kazi Urusi, mama yake alimufanya aume mukate mara moja tu. Uliobaki umetundikwa ukutani. Hautoki pale mpaka arudi aumalize mwenyewe.

Mutoto wako,
Umuhoza

Goma, Murara, 24 Januari

Umuhoza mutoto wangu,

Nakusalimu. Goti ni lile lile. Masasi ndiyo mapya, bunduki zinalia usiku na muchana.

Papa yako alienda Masisi juzi kuokoa ng'ombe zetu. Nikamwambia, Habineza, uma hapa kwanza. Akanicheka, halafu akauma kipande kikubwa, unamujua na tumbo lake! Mukate uko kwenye musumari wa jikoni.

Majirani wanakimbia. Deborah wa hapa pembeni amefunga mizigo, ananiita tuvuke mupaka pamoja. Mimi siendi. Wewe mwenyewe uliandika kwamba mukate hautoki ukutani. Nikiondoka, nitakuwa nimemutupa papa yako.

Mama yako

Samarkand, 25 Januari

Mama,

Leo sikuulizi hata habari, unisamehe. Ondoka! Jamani, nimefanya nini mimi? Nilikuandikia desturi, sikukuandikia amri.

Nimemuuliza Mama Zulfiya. Amenishika mikono yote miwili. Anasema walihama nyumba mara mbili, na mukate wakaubeba katika kitambaa. Anayengojea ni mutu, ukuta haungojei kitu. Nenda na Deborah, fika Kisoro, kule Uganda, kwa mama mudogo Niyitegeka. Ukifa kwa sababu ya barua yangu, hii memwari naichoma.

Umuhoza wako

Samarkand, 29 Januari

Mama? Ni rezo ya simu imekatika ao ni wewe? Niandikie hata neno moja. Siwezi kukaa, siwezi kusoma, nazunguka chumbani tu.

Mutoto wako

Goma, 6 Februari

Umuhoza binti yangu,

Amani kwako, na pole na hiyo baridi. Ni papa yako. Natumia simu ya Sikuli, rafiki yangu wa Birere, yangu ilipotea njiani. Niko muzima. Habari ya ng'ombe usiniulize.

Nimefika nyumbani, mulango umeegeshwa tu, hakuna mutu. Moyo ulinikatika. Nikaingia jikoni. Sufuria zote zipo, mafuta yapo, redio ipo. Musumari ndio uko mutupu. Mwizi gani ataacha redio abebe mukate mukavu, tena wenye alama ya meno yangu? Nikakaa chini nikalia kama mutoto. Ni mama yako Mukamazimpaka mwenyewe ameubeba.

Niambie upesi ameelekea wapi. Tangu jana sijatia kitu tumboni. Sikuli ameniwekea ugali, nimekataa. Nitaanza na ule mukate.

Papa yako,
Habineza