Kipande cha Ngozi Nzima

Jumatatu, 2 Juni
Mafuta ya nazi asubuhi, kama kawaida. Viwiko, magoti, kiuno. Magamba shuka zima. Ugonjwa huu wa soriasisi hauna adabu. Leo kliniki, daktari wa ngozi kutoka Dar ameniomba vipande viwili vya ngozi kwa utafiti. Kimoja cha penye ugonjwa. Sawa. Cha pili cha penye uzima, pajani. Kwa nini? Nimeondoka na fomu bila kutia saini. Simwamini.

Alhamisi, 5 Juni
Nimeisoma fomu mara tatu. Wanachunguza seli za ngozi hufanya nini oksijeni ikipungua. Kumbe hata kwenye ngozi nzima, tabaka la juu halina mishipa ya damu. Limezoea hewa haba. Kwenye soriasisi, mwitikio wa seli kwa hewa haba umepanda mno. Ni chanzo au ni matokeo? Wamekiri hawajui, ukurasa wa tatu, herufi ndogo. Mimi najua. Ngozi yangu inakosa hewa. Miaka yote naifunika kwa mafuta na mikono mirefu. Nikachukua dodoki, nikaparua mkono mzima. Ipumue.

Zuhura, mke wangu, alichungulia bafuni. "Baba Salma, unaoga au unapaa samaki?" Nikaendelea kuparua.

Jumapili, 15 Juni
Mistari. Kila lilipopita dodoki pana mstari mwekundu wenye magamba, hata pale palipokuwa pazima. Mimi, ninayeandika magazetini kuwaita wenzangu wajinga. Najichukia. Zuhura hakucheka, na hilo limeniuma zaidi.

Halafu nikawaza: kama kuparua kunaita ugonjwa, kisu cha daktari je? Mapaja ndiyo safi yaliyobaki. Fomu inaitaja hatari hiyo? Popote? Hapana.

Jumanne, 17 Juni
Nilikwenda kugombana. Hoja saba, nimeziandika. Nikaanza na ya kwanza: ukinikata paja, ugonjwa utakuja hapo?

Daktari ni binti wa rika la Salma wangu. Alivua miwani. "Unaweza kuja, baba. Si kwa kila mtu, lakini unaweza."

Mbona fomu haisemi?

"Ilipaswa kusema."

Hoja sita zikabaki mfukoni. Afadhali angedanganya, mwongo najua kumfanya nini. Nikauliza, basi ngozi nzima ya nini? Akasema asipojua ngozi nzima inavyoishi na hewa haba, hatajua iliyougua imekosea wapi. Ni hoja, ingawa sikumwambia. Nilimwambia aiandike hatari hiyo ukurasa wa kwanza, kwa kila mtu, kisha aniite. Akasema lazima ipite kamati ya maadili ya utafiti. Kamati. Huko ndiko maneno huzikwa. Hataita.

Jumanne, 8 Julai
Ameita. Nimeipekua fomu mpya nikitafuta ujanja. Sentensi ipo, juu kabisa. Nimetia saini. Sindano ya ganzi, vishimo viwili, uzi. Sikuondoa macho mikononi mwake.

Jumatatu, 21 Julai
Nyuzi zimetolewa. Kidonda cha paja kimefunga. Pembeni pana wekundu. Huenda ni mshono tu, huenda siyo.

Kwenye benchi alikuwapo mama mmoja wa Mlingotini, naye anaombwa ngozi. Muuguzi alimsomea fomu polepole. Alipofika kwenye ile sentensi, mama akaomba airudie. Akairudia.

"Basi mie hapana, mwanangu."

"Haya, mama. Dawa zako utapata vilevile."

Akajifunga kanga vizuri, akaenda zake dirisha la dawa. Hakuna aliyemfuata kumbembeleza.