Sinema ya Sebuleni Kwetu Bwera

Baba yangu mpendwa,

Nakuamkia kutoka huku ughaibuni, wewe na wote mnaokula chungu kimoja. Mimi mzima, mgongo tu unalalamika kwa kupanda ngazi. Dada Kavira aliniambia daktari amesema macho yako hayatarudi tena, na tangu siku hiyo natafuta la kukuandikia. Barua hii anawaletea Thembo, mwenzangu wa Nyakiyumbu anayerudi likizo. Dada Kavira, msomee Baba polepole, na usiruke pale ninapokutania.

Baba, hujawahi kuniuliza kazi yangu hasa ni ipi. Tunawatengenezea matajiri vyumba vya kutazamia filamu majumbani mwao. Ukuta tunauvika zulia, dirisha tunaliziba, spika tunazificha mpaka darini. Viti vyenyewe ukivibonyeza vinalala. Bosi wetu husema chumba kimekamilika pale mtu asiposikia chochote cha nje, si mbwa si mvua. Nami nilimwamini. Ndiyo maana niliwatumia ile televisheni kubwa na spika zake, nikidhani kwa kuwa huoni, sauti nzuri itakutosha.

Halafu Kavira akanipigia. "Papa haiko anaingia tena mu salon, kwenye televisheni iko," akasema. "Anakaa inje na kuku. Anasema ile mabafle, ile maspika ulituma, iko inapiga kelele tu, haiko inamuelezea kitu." Niliumia, Baba, na kusema kweli nilinuna kidogo.

Juzi juzi tukamaliza chumba kimoja, tukawa tunajaribu mitambo. Bosi akaweka filamu ya zamani, na picha ya kwanza tu nikaitambua: yule mama mjane, nyumba yake kando ya mto, na mzee mwenye kofia anashuka kwenye farasi. Filamu hiyo tuliitazama nyumbani mpaka kanda ikachoka. Jumapili baada ya misa, Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akitundika kitenge dirishani kuleta giza. Majirani wanaingia na vigoda vyao, mahindi ya kuchoma yanapita mkono kwa mkono, nawe umesimama kando ya televisheni na kifimbo chako unatutafsiria. "Huyu muzee mumuangalie vizuri," ulikuwa ukituambia. "Iko anatoka Kyarumba. Anakuja kuiba mbuzi ya huyu mama." Tukamchukia kwelikweli, mpaka siku ile jirani yetu Mama Biira akamrushia gunzi.

Sasa Kiingereza nakisikia. Kumbe yule mzee ni kaka yake. Mbuzi hayumo kabisa. Na mwishoni yule mama anauza nyumba yake, anaondoka akilia, harudi. Wewe ulituambia anakwenda soko la Mpondwe na jioni atarudi. Nilicheka kwenye kile kiti cha kitajiri mpaka machozi yakanitoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Baba, ulikuwa hujui hata neno moja la watu wale. Ulikuwa unatazama nyuso zao, basi, ukatupa hadithi. Na sisi tulikuwa tumekimbia vita Beni, nyumba tumeiacha wazi. Tulihitaji sana yule mama arudi jioni.

Unakumbuka mvua ilivyokuwa ikipiga mabati, sauti ya filamu inazama yote, na hakuna aliyelalamika? Wewe ulipaza sauti tu, nasi tukasogeza vigoda. Chumba cha yule tajiri kina kila kitu, lakini nilikaa mle nikatamani kelele za kwetu. Nimewafungia watu wengi spika, sikujua kwamba zile nilizotuma nyumbani zitakunyamazisha wewe.

Kwa hiyo, Dada Kavira, nakuomba jambo. Tafuta filamu yoyote, zima sauti yote, kaa karibu na Baba. Mwambie unachokiona tu: nani ameingia, amevaa nini, amekunja uso au anacheka. Maana yake usimwambie, hiyo ni kazi yake. Na wewe unavyopenda kusema, jikaze. Waiteni majirani na vigoda vyao, na wanao pia, maana hawajawahi kumsikia babu yao akitafsiri. Baba, usiniambie umezeeka. Sauti yako haijaguswa, naisikia kwenye simu ukigombeza kuku.

Msalimieni shangazi wa Maliba, na shemeji Bwambale, mume wa Dada, aliyehangaika kufunga nyaya zangu. Mama Biira mwambieni gunzi lake lilimpiga mtu asiye na kosa.

Jumapili baada ya misa nitapiga. Dada, simu usiishike sikioni, iweke mezani katikati yenu. Mimi sitasema kitu. Nitakaa kitandani kwangu nimefumba macho, nisikie kama yule mama amerudi.

Mwanao anayekukumbuka,
Kambale