Kwa Baba, Aliyejua Kwa Nini Mama Hubisha Hodi

Mwaka umetimia, Baba, tangu utoke asubuhi na kisanduku chako cha spana ukisema unaenda kutazama lifti inayokwama kati ya ghorofa, na jioni tukaletewa kisanduku peke yake. Walisema ni moyo. Tumeambiwa tangazo la kumbukumbu huwa fupi, liwe na picha na maneno machache ya heshima. Picha tumeweka ile uliyokosea vifungo vya shati, maana ndiyo pekee unayocheka. Ufupi umetushinda, kwa sababu kuna mengi hatujayaelewa, na wewe ndiye uliyekuwa unatuelewesha.

Ninayeandika ni binti yako mkubwa. Mdogo wangu, fundi friji, amesimama nyuma ya kiti changu akisahihisha bila kuombwa. Mama yupo hapa pia, anasema, "Andika alikuwa mtu mpole." Haya, ulikuwa mtu mpole. Uliwasalimia walinzi kabla ya mameneja. Hukuweza kupita mlango unaolia bila kuchomoa kile kichupa chako cha mafuta mfukoni, hata kwenye nyumba za watu, hata harusini. Ulimenya chungwa ganda lisikatike, kisha ukalivalisha tena na kumpa mjukuu kama zima. Na kuhusu lile kovu la pajani ulikuwa mwongo wa kutupwa: kwetu sisi lilikuwa alama ya kuzaliwa, kwa wajukuu likawa meno ya lifti iliyokuuma.

Mgongo wako ulitupa wasiwasi. Kila Mama alipoingia chumbani ulijisogeza mbele kidogo, hata kama umekaa vizuri, hata kama unasoma. Tukasema mzee ana maumivu na hataki kusema. Tulikuletea dawa za kuchua, za mrija na za chupa, ukazipokea kwa shukrani nyingi. Tumezikuta zote kabatini, hazijafunguliwa.

Tulijua una kundi kwenye simu, tukadhani ni la mafundi wenzako. Ulikaa ukingoni mwa kitanda, miwani kwenye ncha ya pua, ukicheka kimya kimya mpaka mabega yanatikisika. Mama akikuuliza, "Unacheka nini, Mzee?" ulijibu, "Mambo yasiyo na faida," naye akanuna akidhani umemkata kauli. Kumbe ndilo jina la kundi. Mambo Yasiyo na Faida. Watu wazima, wengi wao hawajawahi kuonana, kila mmoja analeta kitu kimoja alichokiona au alichokisikia, na sharti ni kwamba kisimsaidie mtu yeyote kwa lolote. Mtu akileta namna ya kutoa doa kwenye shati, anakataliwa. Hilo lina faida, peleka kwingine.

Hayo yote hatukuyajua siku ulipofariki. Mimi nilichukua simu yako, nikawaandikia watu wote uliokuwa nao humo kwamba baba yetu ametutoka. Mafundi wakaandika pole. Kanisani na msikitini, kwa marafiki zako wa pande zote, wakaandika pole. Kwenye lile kundi mtu mmoja akaandika, "Pweza ana mioyo mitatu."

Nilidhani amekosea kundi. Akafuata mwingine: "Paka hahisi utamu wa sukari." Mwingine akasema kwamba ukiwa juu kwenye winchi humtambui mkeo kwa sura, unamtambua kwa mwendo. Yakaendelea kumiminika hivyo, bila pole hata moja. Nilimwonyesha mdogo wangu, naye akaisoma simu kama mtu anayesoma bili ya jirani. Shangazi akasema, "Hawa wamerogwa au wamelewa?" Nikawaandikia, tena kwa jina lako, Baba, "Nyie mna akili kweli? Sisi tuna msiba, mnatuletea pweza?" Kisha nikaizima ile simu.

Siku ya mazishi walikuja watatu. Walisimama karibu na geti, mbalimbali, wakitazamana kwa kuibia kwa sababu wenyewe kwa wenyewe hawakujuana sura. Sisi tulidhani ni wa kampuni ya lifti, na wa kampuni ya lifti walidhani ni ukoo. Mmoja mrefu mwenye buti za kazi alilia kuliko mdogo wangu, mpaka mjomba akaniuliza pembeni, "Huyu ni nani? Marehemu alikuwa na mtoto mwingine?" Nilisema sijui, na kusema kweli kwa muda ule sikujua chochote.

Walipojitambulisha hatukupata nafuu. Mrefu alikuwa Winchi, anaendesha mashine ya kunyanyua mizigo. Mama mnene mwenye kanga nyeusi alikuwa Msusi. Wa tatu, dada mkavu anayefanya kazi dirisha la kupokelea vifurushi, alikuwa Katibu. Na wewe, walisema, ulikuwa Ghorofa. "Tumekuja kumzika Ghorofa," alisema Katibu, na Mama akageuka kunitazama kama vile mimi ndiye niliyekupa jina hilo.

Msusi ndiye aliyetueleza kuhusu pweza. Sharti la kutopeleka misiba kwenye kundi uliliweka wewe. Ulisema kila mtu ana pa kulilia, hapo pawe pa kupumzikia. Dada yake Msusi alipofariki, hukumwandikia pole. Ulimwambia kwamba lifti ikipanda, upande wa pili kuna chuma kizito kinashuka, na abiria hawakioni. Msusi anasema alilala usingizi siku hiyo, wa kwanza tangu msiba. Mimi hadi leo sijaelewa chuma kimemsaidiaje, lakini niliona aibu kwa yale niliyowaandikia kuhusu pweza, nikamkaribisha kiti.

Basi tukawa tunaelekea kuelewana. Ndipo Msusi alipoushika mkono wa Mama, akaupapasa, akasema kwa upole kabisa, "Samahani sana mama yangu, najua si wakati wake. Ni kweli huwa unabisha hodi?"

Mama akasema, "Wapi?"

"Chumbani kwako."

Katibu alitoa simu yake akatuonyesha. Ndilo neno lako la mwisho kwao, la asubuhi ile ile: "Mke wangu hubisha hodi kabla ya kuingia chumbani kwake mwenyewe. Yeye hajui kama anabisha. Sababu naijua mimi peke yangu. Kesho nitawaambia."

"Mimi?" alisema Mama. "Nibishe hodi chumbani kwangu, nimekuwa mpangaji?"

Tulikuwa tayari kucheka naye. Ila mimi na mdogo wangu tulitazamana, maana tuliusikia mlio ule masikioni: ngo, ngo, kwa kifundo cha kidole, halafu kitasa. Tumeusikia maisha yetu yote. Hatukuwahi kuuwaza, kama usivyowaza mlio wa bomba la nyumbani kwenu.

Baba, ungejua ulichotuachia. Kuanzia siku ile Mama hakuingia tena chumbani kwenu. Alikuwa anakwenda mpaka mlangoni, anainua mkono, anausahau hewani. Anarudi. Akasema godoro la chumba changu cha zamani ni zuri zaidi, na sote tunalijua godoro lile. Nguo zake tulimchukulia sisi. Nilipombana akaniambia ukweli: "Nikibisha, nani aitikie? Nisipobisha, naona kama nimeingia chumba cha watu." Akalia, na mimi nikalia, na hasira zangu zote zilikuwa kwako, kwamba unawezaje kumwahidi mtu kesho namna ile.

Tukaanza kutafuta sababu. Tuliona Mama akijua kwa nini, mkono wake utajua la kufanya. Mama mwenyewe alijikuna kichwa miezi mingi asikumbuke kitu. Shangazi, dada yako, alisema, "Wifi, kaka yangu tangu utotoni hapendi kukutwa anavaa." Mama akamwambia wewe ulikuwa unavaa shati huku unatembea sebuleni. Mjomba akasema ni heshima tu, dada yake alilelewa hivyo. Mama akasema kwao mlango ulikuwa pazia. Jirani akasema pengine kulikuwa na panya. Kundini nako, nilipowasha tena simu yako na kuomba msaada, kila mtu akaja na lake: jini, ndoto, mlango uliovimba wakati wa mvua. Winchi peke yake alisema hajui, na ndiye niliyemwamini.

Kila jibu lilituchanganya zaidi. Mama akachoka. Mwezi uliopita akatuita, akasema chumba kigeuzwe stoo, kabati livunjwe litolewe, na mambo ya kubisha hodi yaishe. Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chumvi. Mdogo wangu akaenda kuchukua bisibisi.

Kabati lako lile, Baba, unalijua. Limejaza chumba, na skrubu zake za chini zinaangalia mlangoni. Ikambidi akae sakafuni, miguu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza kwenye mlango uliofungwa. Mimi nilikuwa humo humo nakunja mashati. Tukasikia hatua za Mama ukumbini na vikombe vikigongana kwenye sinia, anamletea mwanawe chai. Nadhani alikuwa anawaza chai tu. Mikono yote ilikuwa imeshika, kwa hiyo alibisha kwa kiwiko, ngo, ngo, na akasema, "Sogea mgongo."

Mdogo wangu alijisogeza mbele. Mlango ukafunguka kidogo, kisha haukuendelea. Nilipochungulia, Mama alikuwa amesimama na sinia lake, mdomo wazi, anatazama mgongo wa mwanao.

"Alikuwa anakaa hapo," alisema. "Nyuma ya mlango."

Tulimkalisha kitandani, kitanda chenu, hata hakugundua kwamba ameshaingia. Akatueleza kuhusu chumba kile mlichopanga mlipooana, kimoja tu, kabla yangu. Soketi ilikuwa moja, nyuma ya mlango, na mlango ulifungukia ndani. Wewe bado hukuwa na kazi ya lifti, ulikuwa unatengeneza redio na pasi za watu, basi ulikaa pale chini na waya zako, mgongo mlangoni. Siku moja Mama akarudi kutoka kazini kwa dobi, akausukuma mlango kwa nguvu za uchovu, na risasi ya moto, ile uliyokuwa umeiyeyusha kuchomelea waya, ikakumwagikia pajani. Hilo ndilo kovu, Baba. Si meno ya lifti. Tangu siku hiyo alibisha kwanza, akasema "Sogea mgongo," nawe ukasogea.

Mkahamia nyumba hii mimi nikiwa mgongoni mwake. Soketi ziko kila ukuta. Maneno yakapotea, kubisha kukabaki, na Mama akasahau kama anabisha. Wewe hukusahau. Umekaa kitandani, hakuna mlango unaoweza kukufikia, ukisikia ngo, ngo, unasogeza mgongo. Miaka yote hiyo, na sisi tunakununulia dawa za kuchua.

Mdogo wangu alirudisha skrubu za kabati bila kuambiwa. Chai ilipoa, tukainywa hivyo hivyo. Mama alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja na sikujua nimpe leso au nimwache. Kisha akasema, "Wale watu wako wanangoja. Waambie."

Nikawaandikia yote, soketi, pasi, risasi ya moto, mgongo. Nikahofu pweza mwingine. Hatimaye Katibu akaandika: "Sharti ni sharti. Hili lina faida. Limekataliwa." Winchi akafuata, "Naunga mkono, likataliwe." Msusi akatuma ujumbe wa sauti, lakini zilisikika kamasi tu. Wengine wote wakaandika neno moja moja, likataliwe, likataliwe, mpaka ukurasa ukajaa.

Mama akaniuliza, "Wamekubali au wamekataa?"

Nikamwambia wamekataa.

"Vizuri," alisema, na akaomba asomewe tena.

Bado hatuelewi mengi. Hatujui ulikuwa unamwekea Mama siri ile kwa mapenzi au kwa utani, na ukimuuliza yeye anasema kwako havikuwa vitu viwili. Hatujui kwa nini uliamua kuwaambia wao kabla yetu. Hatujui maana ya kile chuma cha lifti. Tumekukosa sana, Baba, hilo ndilo pekee tunalolijua bila kuuliza.

Mama amerudi kulala chumbani kwenu. Sasa anajua kama anabisha, na anabisha kwa makusudi. Anasubiri kidogo pale mlangoni, muda wa mtu kujisogeza, ndipo anashika kitasa.

Unakumbukwa na mke wako. Na mimi binti yako mkubwa. Na mwanao fundi friji, anayesema nimeandika mno. Na dada yako, ambaye bado anashikilia kuwa ni mambo ya kuvaa. Na shemeji yako. Na wajukuu, wanaotaka meno ya lifti yarudishwe. Na Katibu, Winchi, Msusi na wenzao wote wasio na faida.

Hatutakusahau maisha yetu yote. Ukisikia ngo, ngo, ni Mama. Sogea mgongo.